Hifadhi za nchi tajiri zinalinda viumbe kuliko za nchi maskini, au ni namna tunavyohesabu?

Kipanga77

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo limenikaa kichwani na najua humu wapo watu wa fani. Mwaka 2016 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliokusanya takwimu za makundi 1,902 ya ndege na mamalia kutoka hifadhi 447 duniani. Walichogundua ni kwamba, kwa wastani, idadi ya ndege na mamalia ndani ya hifadhi inashikilia. Haiporomoki. Lakini wakaongeza kuwa mwelekeo ni mzuri zaidi kwenye nchi zenye maendeleo makubwa, na kwamba wanyama wenye miili mikubwa wanafanya vizuri kuliko wadogo.

Hapo ndipo ninapokwama. Mtu akisoma haraka anaondoka na picha kwamba nchi tajiri zinajua kutunza na maskini hawajui. Je, ni hela tu? Ni elimu? Ni utawala? Na la pili: Desemba 2022 kule Montreal nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari iwe imehifadhiwa. Kama nchi haiwezi kulinda ilichonacho leo, ya nini kuiongezea mzigo?

Siasa tuziweke kando. Namtaka mtu aliyeona kwa macho.

Bwana_Shaka

Mkuu Kipanga, mbona jibu liko wazi? Hela. Mwaka 2018 watafiti walipiga hesabu ya hifadhi za Afrika zenye simba. Ili zilindwe sawasawa zinahitaji kati ya dola bilioni 1.2 na bilioni 2.4 kwa mwaka. Zilizokuwa zinapatikana ni kama dola milioni 381. Hata ukichukua kile kiwango cha chini, hiyo haifiki hata theluthi. Askari hana viatu, gari halina mafuta, redio imekufa betri, halafu unauliza kwa nini wanyama wanapungua?

Mengine yote ni maneno ya semina.

Hesabu_Pori

Kipanga, umeomba aliyeona kwa macho. Mimi sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa nahesabu wanyamapori, kwanza angani, baadaye mezani na kompyuta. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Tuanze na namna ile namba inavyozaliwa, maana watu wanaijadili kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Ni ndege ndogo ya injini moja, inaruka chini chini, mita mia moja na kitu juu ya majani. Kwenye mhimili wa bawa, kila upande, zimefungwa fimbo mbili. Kazi yako ni kutazama ardhi inayopita kati ya fimbo hizo, basi. Mnyama aliye nje ya fimbo, hata awe tembo dume anakutazama usoni, hahesabiwi. Unasema kwenye kinasa sauti: swala wanane, nyati mmoja, ngiri wawili. Likitokea kundi kubwa unapiga picha, utalihesabu ofisini kichwa kwa kichwa. Ndege ikifika mpakani inageuza na kurudi kwa mstari mwingine ulio sambamba na ule wa kwanza. Zile kona ndizo zinazowatoa watu matapishi, na hakuna anayesimamisha ndege kwa ajili yako. Unajifuta mdomo unaendelea. Mwisho wa siku unachukua ukanda ulioutazama, unaulinganisha na ukubwa wa hifadhi nzima, unapata makadirio pamoja na kiwango chake cha kukosea.

Sasa jiulize, kwa utaratibu huo nani anaonekana? Tembo, nyati, twiga. Chura haonekani. Popo haonekani, nyuki haonekani, digidigi aliyejikunyata chini ya kichaka haonekani. Kwa hiyo tunaposema hifadhi fulani “inalinda bioanuwai” mara nyingi tunasema kwamba wanyama wakubwa na ndege wanaotambulika kirahisi hawajapungua. Ni habari njema, siibezi. Lakini si kitu kile kile.

La pili ni mwaka wa kuanzia. Takwimu nyingi za aina hii zinaanzia karibu na 1970. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa hifadhi 78 za Afrika uliofuatilia mamalia wakubwa kuanzia 1970 hadi 2005. Wastani wake ni wa kuumiza: upungufu wa asilimia 59. Wengi wanaishia hapo. Ukifungua ndani unakuta Afrika Magharibi walipoteza asilimia 85, Afrika Mashariki zaidi ya nusu, na Kusini mwa Afrika wanyama *waliongezeka*, karibu robo. Bara moja, na mielekeo inapishana kabisa. Mtu anayesema “nchi maskini” kana kwamba ni kitu kimoja, kwangu mimi bado hajafungua jedwali.

Sasa twende Ulaya, mwaka ule ule wa 1970. Kulikuwa na nini cha kupoteza? Mbwa mwitu walishaangamizwa Uingereza karne nyingi nyuma. Baisani wa Ulaya, yule nyati mwenye manyoya, walikwisha porini kabisa kufikia 1927. Wakabaki wachache kwenye mabustani ya wanyama, na wote waliopo leo ni kizazi cha wanyama kumi na wawili tu. Walianza kurudishwa kwenye msitu wa Białowieża, Poland, mwaka 1952. Kwa hiyo mchoro wa Ulaya ukianza 1970 lazima upande, kwa sababu unaanzia chini kabisa. Mchoro wa mahali palipokuwa bado na makundi makubwa ya wanyama unaanzia juu, na kutoka juu njia rahisi ni kushuka. Kupanda kwa wenzetu ni kweli na wamekutolea jasho. Ila kuwaweka kwenye jedwali moja na wengine bila kutaja mwaka wa kuanzia ni kumpa zawadi aliyefyeka mapema.

Na hao hao matajiri, ukitazama viumbe ambavyo fimbo zangu hazivioni, mambo yanabadilika. Mwaka 2017 zilitolewa takwimu za wadudu wanaoruka kutoka maeneo 63 ya hifadhi nchini Ujerumani. Kazi ya shambani ilifanywa kwa sehemu kubwa na wapenzi wa wadudu wa mji wa Krefeld, si maprofesa. Walikuwa wanasimamisha kitu kama hema la wavu, mdudu akigonga anapanda juu, juu kuna chupa ya spiriti. Baadaye wanapima uzito wa kilichonaswa. Basi. Katika muda wa miaka 27 uzito huo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75. Ndani ya hifadhi! Katika nchi yenye hela, sheria, walinzi, mabango na njia za watembea kwa miguu zilizofagiwa.

Ndiyo maana, Bwana Shaka, sikatai hela, nakataa neno “tu”. Viatu vya askari visingemsaidia mdudu wa Ujerumani.

Bwana_Shaka

Dada Hesabu, umeeleza vizuri, lakini unatupa pole mahali ambapo hatujaumia. Wadudu wa Ujerumani ni msiba wao. Kipanga ameuliza kwa nini hifadhi maskini zinapoteza wanyama. Zinapoteza kwa sababu hazina hela. Nionyeshe nchi maskini iliyofanikiwa bila hela, nikae kimya.

Hesabu_Pori

Kaa tayari kunyamaza basi.

Nepal. Kwa kipato cha mtu mmoja mmoja ni miongoni mwa nchi maskini za Asia. Mwaka 2009 walihesabu chui milia 121. Mwaka 2018 wakapata 235. Mwaka 2022 wakapata 355. Faru wenye pembe moja walikuwa 645 mwaka 2015, wakafika 752 mwaka 2021. Wakati huo huo kuna nchi zenye uchumi mkubwa kuliko Nepal mara nyingi zilizokuwa zinamwaga damu ya faru: Afrika Kusini peke yake ilipoteza faru zaidi ya 1,200 kwa ujangili mwaka 2014, na hifadhi yake ya Kruger ni kati ya zile zenye vifaa na watu wengi barani.

Utasema wafadhili. Ndiyo, Nepal wamepata wafadhili, na jeshi limekuwa likilinda hifadhi ya Chitwan tangu miaka ya 1970; hilo nalo lina machungu yake kwa waliohamishwa na waliopigwa, nisilifiche. Lakini kuna sheria yao moja mimi huwaambia vijana waisome kabla ya kusoma kitu kingine chochote: kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa watu wanaoishi kwenye ukanda unaoizunguka, kupitia kamati zao wenyewe. Faru akila mpunga wako usiku, bado ni hasara. Lakini kuna mahali pa kupeleka malalamiko, na kuna fungu lililotoka kwa faru huyo huyo.

Mwaka 2018 pia kuna kazi iliyotoka kwenye jarida la Nature kuhusu ndege wa majini, spishi 461, vituo zaidi ya elfu 25 vya kuhesabia. Walijaribu vigezo vingi: tabianchi, kipato, ongezeko la watu, na kadhalika. Kilichotabiri vizuri kuliko vyote kama ndege wataongezeka au watapungua ni ubora wa utawala wa nchi. Na pale utawala ulipokuwa dhaifu, hata kuwa na hifadhi kulisaidia kidogo.

Kwa lugha ya kambini hiyo maana yake ni mshahara unaofika. Sisemi mshahara mkubwa. Nimeona vituo viwili vya hifadhi moja. Kimoja mkuu wake alikuwa anahakikisha posho ya doria inalipwa tarehe ile ile kila mwezi, hata kama ni ndogo. Kingine posho ilikuwa “inashughulikiwa”. Huhitaji takwimu. Ukifika cha kwanza unakuta rundo la waya nyuma ya ofisi.

Waya hizo tuzitazame, maana ndizo zinazoua zaidi kuliko bunduki katika hifadhi nyingi. Ni nyuzi za chuma zilizopatikana kwa kuchoma tairi, au waya wa breki ya baiskeli. Inafungwa kitanzi, mwisho wake unafungwa kwenye mti mdogo usiong'oka kirahisi, kitanzi kinaning'inizwa usawa wa shingo kwenye njia ya kwenda majini. Pembeni wanapanga matawi ya miiba ili mnyama asipite kando. Aliyetega anamtaka swala. Kitanzi hakichagui: kinamkamata simba mguu, fisi kiuno, tembo mtoto mkonga. Ukitembea polepole na mtu anayejua, macho yakishazoea, unaziona nyingine tano pembeni ya ile ya kwanza, zimepangwa mstari. Kuzitoa hakuhitaji helikopta wala kamera ya usiku. Kunahitaji watu wanne wanaotembea kwa miguu mara kwa mara, walioshiba, wanaojua wakivunjika mguu watafuatwa.

Kwa hiyo hatari ya hifadhi nyingi maskini huingia kwa miguu, na kwa miguu inaweza kutolewa. Hatari ya hifadhi nyingi tajiri huingia kwa maji na hewa: mbolea, viuatilifu, visima. Nenda Hispania, ardhi oevu ya Doñana, urithi wa dunia. Maji ya chini ya ardhi yamevutwa miaka na miaka kumwagilia mashamba ya stroberi yaliyo jirani, hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua Juni 2021 kwamba Hispania ilikiuka wajibu wake. Askari wa hifadhi atamkamata nani? Kisima kiko nje ya mpaka.

Mwamba_Chini

Naomba niingilie kutoka upande wa chumvi, maana kila mjadala wa hifadhi huishia kwenye tembo.

Kuhusu matajiri kujua kutunza: mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa hifadhi 727 za bahari za Ulaya. Asilimia 59 kati yake zilikuwa zinavuliwa na meli za kukokota nyavu chini ya bahari. Na ukali wa uvuvi huo *ndani* ya hifadhi ulikuwa mara 1.4 ya ule wa nje. Samaki kama papa na taa walikuwa wachache ndani kuliko nje. Yaani mtu amechora mstari kwenye ramani, amepokea pongezi, na meli zinaendelea kulima sakafu ya bahari kihalali kabisa, kwa kibali. Kwa wasioijua nyavu hii: ina uzito, inaburuzwa, inang'oa kila kilichoshikilia chini. Nimepiga mbizi mahali ilipopita. Ni mchanga na mistari.

Halafu tazama Cabo Pulmo, Mexico. Kijiji kidogo cha wavuvi. Hifadhi ilitangazwa 1995, na wenyewe ndio walioisukuma na ndio waliokuwa wanalinda: hakuna kuvua, mgeni akija na nyavu anafukuzwa. Kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki pale uliongezeka kwa asilimia 463. Papa walirudi. Familia zile sasa zinaishi kwa kupeleka wageni kupiga mbizi.

Kuna utafiti wa 2014 wa hifadhi 87 za bahari uliotafuta zinazofanya kazi zina nini. Walipata mambo matano: uvuvi umekatazwa kabisa, sheria inasimamiwa, umri zaidi ya miaka 10, ukubwa zaidi ya kilomita za mraba 100, na eneo limezungukwa na maji ya kina au mchanga. Zenye moja au mawili tu kati ya hayo, ambazo ni zaidi ya nusu, hazikutofautiana na maji yanayovuliwa kila siku. Kati ya hayo matano, hela inaingia moja kwa moja kwenye moja, usimamizi, na hilo nalo Cabo Pulmo walilifanya kwa boti zao wenyewe.

Kipanga77

Aisee, asanteni. Dada Hesabu, sasa nimeelewa kwamba swali langu la kwanza lilikuwa maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Lakini la 30 kwa 30 bado hujaligusa. Na nikuchokoze kidogo: ukisema hatari ya maskini huingia kwa miguu, je, huoni unawalaumu wanavijiji wenye waya wakati nyama inaliwa mjini?

Hesabu_Pori

Umenichokoza panapostahili. Mwenye waya mara nyingi ni kijana wa mwisho kwenye mnyororo, analipwa kidogo, na nyama hailiwi kwake. Na mnyororo huo ukiufuata mbali zaidi unavuka bahari. Mwaka 2012 watafiti walikadiria kuwa karibu asilimia 30 ya vitisho kwa spishi duniani vinatokana na biashara ya kimataifa: kahawa, mbao, nyama, mafuta ya kupikia, vyote vinavyolimwa au kukatwa mahali pamoja na kuliwa pengine. Kwa hiyo nchi tajiri inaweza kuwa na msitu unaorudi, ndege wanaoongezeka, ripoti safi, huku shamba lake halisi liko kwenye msitu wa mtu mwingine. Jedwali la hifadhi halina safu ya jambo hilo. Ningependa siku moja liwe nayo.

Kuhusu asilimia 30. Lengo la kabla yake, lile la 2010, lilikuwa asilimia 17 ya nchi kavu na 10 ya bahari kufikia 2020, na kwenye nchi kavu tulifika karibu kabisa. Lakini tulifika vipi? Mwaka 2009 watafiti wawili waliangalia hifadhi za dunia zimewekwa wapi, wakakuta zimeelemea kwenye miinuko, miteremko mikali, mbali na barabara na miji. Mawe na barafu, kwa kifupi. Maeneo ambayo yangebaki salama hata bila hifadhi, kwa sababu hakuna anayeyataka. Tajiri na maskini wote wamefanya hivyo. Ukiweka asilimia kuwa lengo, serikali itatafuta asilimia rahisi. Mimi nimekaa vikao ambapo ramani inaoneshwa ukutani, kijani kinaongezeka, watu wanapiga makofi, na hakuna aliyeuliza chini ya kijani kile kuna nini.

Na kijani chenyewe hakijatulia. Mwaka 2018 ilibainika kuwa karibu theluthi moja ya ardhi yote iliyo chini ya hifadhi duniani iko kwenye shinikizo kali la binadamu: barabara, mashamba, malisho, miji. Humo mna nchi za kila kipato.

Ukubwa na jirani ndivyo ningevitazama kabla ya asilimia. Mwaka 1987 kulikuwa na uchambuzi wa hifadhi 14 za taifa za magharibi mwa Amerika Kaskazini, nchi zenye kila kitu. Zilikuwa zimepoteza spishi za mamalia tangu zianzishwe, na kadiri hifadhi ilivyokuwa ndogo ndivyo ilivyopoteza zaidi. Hakuna jangili aliyehusika. Ni kwamba hifadhi iligeuka kisiwa. Mnyama akifa hakuna wa kuja kuchukua nafasi yake, maana kati ya hifadhi hii na nyingine kuna barabara kuu na mashamba. Hata Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani tangu 1872, ilifuta mbwa mwitu wake yenyewe na ikabidi waletwe wengine kutoka Kanada mwaka 1995. Walikuja kwa ndege, kisha malori, kwenye makasha. Wenyewe walikuwa hawajafika.

Kwa nchi ambazo bado zina shoroba wazi, yaani njia za wanyama kati ya hifadhi moja na nyingine, hapo ndipo ningeweka shilingi yangu ya mwisho, kabla ya kuongeza hata ekari moja ya mlima usio na mtu. Ushoroba ukishajengwa nyumba haurudi. Utafiti wa 2012 wa hifadhi 60 za misitu ya tropiki ulikuta karibu nusu zinaporomoka, na moja ya sababu kubwa ni kilichotokea nje ya mpaka, si ndani: msitu wa jirani ukikatwa, hifadhi inafuata.

Bwana_Shaka

Nanyamaza kwa Nepal. Kwa mengine bado. Vipi kuhusu Gorongosa, ile hifadhi ya Msumbiji? Pale kilichorudisha wanyama ni fedha za tajiri mmoja kutoka Marekani. Hela hizo hizo!

Hesabu_Pori

Gorongosa nakupa nusu. Vita ya Msumbiji ya 1977 hadi 1992 ilimaliza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wake wakubwa. Fedha za nje zilianza kuingia kwa ukubwa kuanzia 2004, na bila hizo pasingerudi upesi vile. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, vita ilibidi iishe. Huwezi kununua hilo kwa bajeti ya hifadhi. Muulize yeyote wa Virunga, hifadhi ya mashariki mwa Kongo, ambako askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka yote, kumi na wawili kati yao katika shambulio moja Aprili 2020. Hao walikuwa na mafunzo na vifaa vizuri kuliko wengi.

Pili, kilichorudi Gorongosa si kile kilichoondoka. Zamani uwanda ule ulikuwa wa nyati, viboko, nyumbu na pundamilia. Sasa waliojaa ni kuro, swala mkubwa wa kando ya maji. Makumi ya maelfu ya kuro. Jumla ya vichwa inapendeza sana kwenye ripoti, na ukiruka juu yake, kinasa sauti chako kinasema kuro, kuro, kuro, kuro. Mimi huyo kuro simchukii, lakini mla majani mmoja anapotawala uwanda, nyasi zinazoliwa zinabadilika, na vinavyoishi kwenye nyasi hizo navyo vinabadilika. Hii itachukua miongo kujua inaelekea wapi, na wenzetu wa pale wanaifuatilia vizuri.

Mwamba_Chini

Dada, swali la mwisho kutoka majini. Zile hifadhi 447 za utafiti aliouleta Kipanga, zilichaguliwa vipi? Maana upande wetu wanaochapisha takwimu ni wale wale kila mwaka.

Hesabu_Pori

Hazikuchaguliwa, zilipatikana. Ni zile zenye rekodi za miaka mingi ambazo mtu aliziandika, akazitunza, akakubali kuzitoa. Hifadhi zilizoorodheshwa duniani ni zaidi ya 200,000. Piga hesabu mwenyewe 447 ni sehemu gani.

Na ili hifadhi iwe na rekodi za miaka kumi lazima iwe na mtu wa kuhesabu, mafuta ya gari au ndege, na kabati lisilovuja. Mahali penye vitu hivyo vitatu, mara nyingi pana doria pia. Kwa hiyo ule wastani wa “wanyama wanashikilia” unatoka kwenye hifadhi zilizobahatika kuwa na mtu, na watafiti wenyewe wanasema wazi kwamba mabadiliko ya idadi ndani ya hifadhi yameandikwa kwa viraka. Zile ambazo hakuna aliyepanda ndege juu yake tangu miaka ya themanini hazimo kabisa, si kwenye safu ya waliofanikiwa wala ya walioshindwa. Kipanga, ukiamua kuliandikia jambo hili, anza na hizo.

Kipanga77

Nimekusoma. Kuna mahali naweza kuona orodha ya hifadhi zilizomo, nchi kwa nchi?

Hesabu_Pori

Angalia viambatisho vya makala yenyewe kwanza. Halafu ipo hifadhidata ya Living Planet, sehemu kubwa iko wazi kwa umma: unaweza kuchuja kwa nchi, kwa spishi, na kwa mwaka wa kuanza na wa kuishia. Huo mwaka wa kuanza usiuache.